Eric Liddell: Msee aliyekataa kukimbia Jumapili

Mafans wa Chelsea hapo Thika na Ruiru, mnajua Stamford Bridge haikuwa ya boli pekee? Julai 1923 ubingwa wa riadha wa Uingereza ulipigwa hapo. Kijana wa Uskoti, Eric Liddell, akawaacha wote kwa mataa: yadi 100 kwa sekunde 9.7, rekodi mpya ya Uingereza. Yadi 220 pia akabeba.

Liddell alizaliwa China 1902, wazazi wake wakiwa wamishonari. Baada ya Stamford Bridge, wengi walimpigia hesabu ya dhahabu ya mita 100 kwa Olimpiki ya Paris 1924. Noma ni kuwa mchujo uliangukia Jumapili. Jamaa akakataa katakata, Jumapili ni ya Mungu. Presha ikamwagwa, lakini wapi! Akahamia mita 400, mbio asizozizoea sana, akashinda kwa sekunde 47.6, rekodi ya Olimpiki.

1925, akiwa bado moto, aliacha masifa akarudi China kufundisha. Vita vilipochacha, Wajapani walimfungia kambini Weihsien, 1943. Huko alifunza watoto na kuwapangia michezo. Jumapili vijana walicheza bila refa, mechi ikageuka vita. Msee aliyekataa mbio za dhahabu akakubali kuwapulizia firimbi siku hiyo hiyo.

Alikufa humo kambini 21 Februari 1945, uvimbe kwenye ubongo, akiwa na miaka 43. Miezi sita baadaye wafungwa wakaachiliwa.

Wewe je, ungekimbia hiyo Jumapili?