Edward Moringe Sokoine: Kiongozi Aliyechukia Ulanguzi

Ukisimama hapa Oldonyo Sambu na kutazama upande wa magharibi, unaiona milima ya Monduli. Huko ndiko alikozaliwa Edward Moringe Sokoine mwaka 1938, katika jamii ya wafugaji wa Kimaasai. Alisoma Monduli, kisha sekondari ya Umbwe, Kilimanjaro. Mwaka 1961 alijiunga na TANU.

Mwaka 1965, akiwa na miaka 27, alichaguliwa kuwa mbunge wa Masai. Mwaka 1967 akawa naibu waziri, mwaka 1972 Waziri wa Ulinzi, na Februari 1977 Waziri Mkuu. Aliuacha uwaziri mkuu mwaka 1980, akarudishwa Februari 1983.

Alirudi wakati mgumu. Vita vya Kagera na bei ya mafuta vilikuwa vimeuchosha uchumi. Sabuni na sukari ziliadimika madukani, lakini kwa walanguzi zilipatikana kwa bei ya kuruka. Machi 1983 Sokoine aliongoza msako wa wahujumu uchumi. Wengi walikamatwa, na wengine walitupa bidhaa zao porini usiku. Wanyonge waliopanga foleni kila siku walifurahi.

Hata hivyo, tusifiche upande wa pili. Sheria ya wahujumu uchumi ilipitishwa na Bunge baada ya watu kuanza kukamatwa, ikapewa nguvu ya kurudi nyuma. Washtakiwa hawakuruhusiwa dhamana wala wakili. Mwaka 1984 sheria hiyo ilifutwa na kuwekwa nyingine. Wala msako haukujaza maduka. Mwaka huohuo serikali ililegeza masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje.

Katika somo la maadili tunajifunza kwamba nia njema peke yake haitoshi. Njia nayo hupimwa. Sokoine aliwapenda maskini kwa dhati, na anakumbukwa kama kiongozi asiyejilimbikizia mali. Lakini hata mtuhumiwa ana heshima ya binadamu, na haki yake ya kusikilizwa haipotei kwa sababu umma umekasirika.

Tarehe 12 Aprili 1984, akitoka bungeni Dodoma, alifariki katika ajali ya gari Dakawa, Morogoro. Alikuwa na miaka 45. Alizikwa kwao Monduli.

Sisi tunaojiandaa kuwatumikia watu tuige ujasiri wake, na tujifunze kuwasikiliza hata tunaowashuku.