Louis Braille: Kijana aliyewapa wasioona kalamu yao

VITABU vya kwanza vya watoto wasioona nchini Ufaransa vilisomwa kwa vidole, lakini vilibuniwa na watu wenye macho. Valentin Haüy, aliyefungua shule ya watoto hao jijini Paris mwaka 1785, alikandamiza karatasi yenye majimaji juu ya herufi kubwa za kawaida hadi zikainuka kama nundu upande wa pili. Mwanafunzi alipapasa herufi moja moja, na kabla hajaifikia nukta ya mwisho wa sentensi mwanzo wake ulikuwa umekwisha kumtoka kichwani. Vitabu hivyo vilikuwa vizito na vichache. Baya zaidi, mtoto hakuweza kuandika kwa mkono wake jambo ambalo angelisoma mwenyewe.

Louis Braille aliingia katika shule hiyo Februari 1819, akiwa na umri wa miaka 10. Alizaliwa Januari 4, 1809 katika kijiji cha Coupvray, mashariki mwa Paris, ambako baba yake, Simon-René, alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Akiwa na miaka mitatu alichezea chombo chenye ncha kali katika karakana ya baba yake, kikamchoma jicho. Maambukizi yakahamia jicho la pili, na alipotimiza miaka mitano alikuwa haoni kabisa.

Mwaka 1821 Charles Barbier, aliyepata kuwa ofisa wa jeshi, aliwaletea wanafunzi hao mfumo wake wa nukta nundu, pamoja na kibao na kalamu ya chuma ya kuzichomea karatasini. Vidole vilizitambua nukta upesi kuliko herufi. Hata hivyo, mfumo huo ulifuata sauti badala ya tahajia, haukuwa na tarakimu wala alama za uandishi, na kila kundi lake la nukta 12 lilizidi upana wa ncha ya kidole.

Braille aliushughulikia kwa takriban miaka mitatu. Mwaka 1824, akiwa na miaka 15 tu, alikuwa amezipunguza nukta kuwa sita, safu mbili za tatu tatu, ambazo kidole huzipata kwa mguso mmoja. Nukta hizo chache hutoa maumbo 63, yanayotosha herufi, tarakimu na hata noti za muziki. Alichapisha mfumo huo mwaka 1829. Alfabeti yake ya mwanzo haikuwa na W, kwa kuwa Kifaransa kiliweza kuandikwa bila herufi hiyo. Iliongezwa baadaye, ama sivyo Kiswahili kisingeandikika kwa nukta hizo.

Wanafunzi waliupokea kwa furaha. Waliousitia ni walimu wenye kuona, waliohofia kwamba maandishi yasiyosomeka kwa macho yangewatenga wasioona na jamii. Mkuu wa shule aliyeshika madaraka mwaka 1840, Pierre-Armand Dufau, aliupiga marufuku, lakini watoto waliendelea kuandikiana kwa siri. Msaidizi wake, Joseph Guadet, ndiye aliyemgeuza mawazo, na mwaka 1844 mfumo huo ulioneshwa hadharani wakati wa kuzinduliwa kwa jengo jipya la shule.

Hoja ya kutengwa Braille hakuipuuza. Mwaka 1839 alichapisha mbinu nyingine, ya kuchora herufi za kawaida kwa nukta, ili mtoto wa shule aweze kumwandikia barua mzazi anayeona. Rafiki yake asiyeona, Pierre Foucault, aliiundia mashine. Ilipitwa na mashine za kupiga chapa na leo ni wachache wanaoikumbuka, ingawa printa za kompyuta za miaka ya 1970 na 1980 zilichapa herufi kwa nukta vivyo hivyo.

Braille alifundisha katika shule hiyohiyo na kupiga kinanda makanisani hadi kifua kikuu kilipomdhoofisha. Alifariki dunia Januari 6, 1852, akiwa na miaka 43. Ufaransa iliukubali rasmi mfumo wake mwaka 1854. Mwaka 1952 mabaki yake yalihamishiwa Panthéon, jijini Paris, wanakozikwa mashujaa wa taifa hilo. Wanakijiji wa Coupvray walibaki na mifupa ya mikono yake, iliyohifadhiwa katika kaburi lake la awali.