Carey Francis: Bingwa wa Hesabu Aliyeuthamini Uwanja

Kengele ya alasiri inapolia, shule zetu nyingi huwarudisha wanafunzi darasani kudurusu, na uwanja ukabaki malisho ya mbuzi. Wapo walimu waaminio kwamba saa ya mpira ni saa iliyoibwa kwenye mtihani. Hao ndio ninaowaletea habari za marehemu Edward Carey Francis.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1897. Alipigana Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa afisa wa mizinga, kisha akafundisha hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mnamo 1928 aliiacha heshima hiyo akaja kuiongoza shule ya misheni ya Maseno, ambako Oginga Odinga alikuwa miongoni mwa wanafunzi wake. Mwaka 1940 alihamia Alliance, shule iliyofunguliwa 1926 kwa ushirika wa misheni za Kiprotestanti, wakiwemo Wamethodisti, ambao sisi wa Kaaga tunawajua tangu walipoanzisha misheni yao hapa mwaka 1912.

Aliiongoza Alliance kwa miaka 22. Asubuhi alifundisha hesabu. Jioni alikuwa uwanjani akiwafunza vijana kandanda. Humo mwanafunzi hujifunza kumpa mwenzake mpira, kuutii uamuzi wa refa na kushindwa bila kinyongo, mambo ambayo hayaandikwi ubaoni. Je, masomo yalidorora? La hasha! Alliance ilitia fora katika mitihani, na wanafunzi wake kadhaa wakaingia katika Baraza la Mawaziri la kwanza la Kenya huru. Ngũgĩ wa Thiong'o naye alisoma huko kuanzia 1955 hadi 1958.

Francis hakuwa malaika. Alikuwa mkali, na mtazamo wake wa kumwona Mwafrika kama mtoto wa kulelewa uliwakera wazalendo. Hata hivyo, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa 1952, hakunyamazia ukatili wa askari wa serikali. Alipostaafu mwaka 1962 hakurejea kwao. Alikwenda Pumwani, Nairobi, akawa mwalimu wa kawaida hadi alipofariki Julai 1966.

Walimu wenzangu wa Kaaga na kwingineko, ikiwa bingwa wa hisabati wa Cambridge hakuiona saa ya mpira kuwa hasara, sisi tunapiga hesabu gani? Tuwarudishieni watoto uwanja wao.