Fleming na vipimo visivyolingana

Sisi wa kuchimba tunajua hii mambo: gawa koltani ya mfuko mmoja, peleka ku komptuari mbili, asilimia inaweza kurudi tofauti. Pale tunapoteza pesa. Ku damu ya mtoto mchanga anayepigwa sindano za antibiotiki, majibu ya labo mbili yanaweza pia kutofautiana, na pale hatari si ya pesa. Njo maana leo tunaeleza maisha ya Alexander Fleming.

Alizaliwa tarehe 6/8/1881 ku shamba la Lochfield, Scotland. Baba yake, mkulima, alikufa Alexander akiwa na miaka 7. Kijana akaenda London, akawa karani wa ofisi ya meli miaka 4, kisha urithi wa mjomba ukamfungulia masomo ya udaktari ku hospitali ya St Mary's. Vita ya 1914-1918 ilimkuta Boulogne, Ufaransa. Pale aliona dawa kali za kuoshea vidonda zikiumiza mwili wa askari kuliko mikrobi.

Ya 1928 inajulikana: alitoka likizo, akakuta ukungu umeua mikrobi ndani ya sahani. Lakini waliofanya penisilini iwe dawa ya kweli ni Florey na Chain wa Oxford. Wote watatu walipata Nobel mwaka 1945.

Sisi tunapenda zaidi ile ya 1942. Mgonjwa wa homa ya uti wa mgongo alipigwa penisilini, hakupona. Fleming hakuongeza sindano kwa kubahatisha. Alipima maji ya mgongo, akaona dawa haifiki pale ya kutosha. Akaiingiza mgongoni moja kwa moja, na mtu akapona. Alitafuta pia namna ya kupima dawa kwa matone machache tu ya damu. Shida ilikuwa kizio: bila kilinganisho kimoja, labo hazingeweza kuelewana. Oktoba 1944, wataalamu walikutana London wakakubali penisilini moja safi iwe mizani ya wote.

Fleming alikufa tarehe 11/3/1955. Jentamisini, ile wanayopiga sana watoto wachanga wenye mikrobi ndani ya damu, ilikuja 1963. Ikiwa kidogo, mikrobi inabaki. Ikizidi, inaharibu figo na masikio. Figo za mtoto mchanga hazijakomaa, dawa inakawia kutoka. Na mashine mbili, zenye dawa za kupimia tofauti, zinaweza kutoa namba mbili kwa damu ileile.

Basi wamama na wababa, karatasi mbili zikipingana, msikimbilie kusema mtoto amezidiwa. Muulize muganga: ni labo ileile? Sindano ilipigwa saa ngapi, damu ilitolewa saa ngapi? Sisi wa sendika tunaomba saa hizo mbili, na jina la labo, ziandikwe kila mara ku karatasi ya mtoto.