Theodor Bilharz

Theodor Maximilian Bilharz (Sigmaringen, 23 Machi 1825 – Kairo, 9 Mei 1862) alikuwa daktari na mtaalamu wa anatomia kutoka Ujerumani. Anajulikana hasa kwa kugundua minyoo wanaosababisha kichocho cha mkojo, ugonjwa ambao baadaye ulithibitika kuwa mojawapo ya vyanzo vya saratani ya kibofu cha mkojo.

Maisha

Bilharz alizaliwa katika mji mdogo wa Sigmaringen, kusini mwa Ujerumani, akiwa mtoto wa afisa wa serikali. Alisoma Freiburg, kisha akasomea udaktari Tübingen. Mmoja wa walimu wake, Wilhelm Griesinger, aliitwa Misri mwaka 1850 kusimamia huduma za tiba, naye akamchukua Bilharz kama msaidizi.

Katika hospitali ya Kasr el-Aini mjini Kairo, Bilharz alipasua maiti nyingi ili kujua chanzo cha vifo. Mwaka 1851 alikuta minyoo wadogo ndani ya mshipa unaopeleka damu kwenye ini. Dume lilikuwa na mfereji mwilini, na jike jembamba limelala ndani yake. Hakuishia hapo: alichunguza pia vibofu vilivyokuwa na vidonda na uvimbe, akakuta mayai ya minyoo hao. Hivyo kukojoa damu, jambo lililokuwa la kawaida sana nchini Misri, kulipata maelezo. Habari hizo alimwandikia mwalimu wake wa zamani Karl von Siebold, aliyezichapisha Ujerumani.

Griesinger alirudi kwao, lakini Bilharz alibaki na kuwa profesa wa anatomia. Alichunguza pia kambare-umeme wa mto Nile na kutoa kitabu juu yake mwaka 1857. Mwaka 1862 alifuatana na msafara wa mtawala Ernst II wa Saxe-Coburg-Gotha kwenda pande za Massawa. Huko alipata homa ya tifasi, akafariki muda mfupi baada ya kurudi Kairo, akiwa na umri wa miaka 37 tu.

Kutoka kichocho hadi saratani

Bilharz hakujua jinsi minyoo wanavyoingia mwilini. Mwaka 1915 Robert Leiper alionyesha, akiwa Misri, kwamba hukua kwanza ndani ya konokono wa maji, kisha hupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini. Miaka minne kabla yake Alexander Ferguson, aliyefanya kazi Kairo, alikuwa ameeleza uhusiano wa kichocho na saratani ya kibofu. Mayai yanayonasa katika ukuta wa kibofu husababisha uvimbe usiokwisha kwa miaka mingi, na seli zinazojirekebisha kila mara huweza kugeuka saratani. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliwaweka minyoo hao katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa.

Siku hizi wachunguzi hutazama pia vipokezi vya homoni, yaani protini za seli ambazo homoni huzishika na kuamsha au kuzima kazi fulani za seli. Vipokezi vya androjeni na estrojeni hupatikana katika uvimbe mwingi wa kibofu. Jambo hilo huenda likaeleza kwa sehemu kwa nini wanaume hupata saratani hiyo mara tatu hivi au zaidi kuliko wanawake, maana sigara na kemikali za kazini hazitoshi kueleza tofauti yote. Katika maabara imeonekana kuwa minyoo na mayai yao hutoa molekuli zinazofanana na estrojeni, zinazoathiri vipokezi hivyo. Hata hivyo, utafiti mwingi wa vipokezi umefanywa juu ya saratani inayoanzia katika utando wa kawaida wa kibofu, wakati ile ya kichocho kwa kawaida ni ya seli bapa. Matokeo ya moja hayawezi kuhamishiwa nyingine moja kwa moja. Dawa za homoni bado si tiba ya kawaida ya saratani ya kibofu.

Bonde la Kilombero

Nchini Tanzania, ugonjwa alioueleza Bilharz hupatikana pia katika Bonde la Kilombero, ambako watu hulima mpunga na watoto huoga katika vijito na madimbwi. Maabara iliyoanzishwa Ifakara mwaka 1957 na Mswisi Rudolf Geigy, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, ilikuwa kituo cha utafiti muhimu. Mwishoni mwa miaka ya 1980, katika wilaya za Kilombero na Kilosa, walimu wa shule za msingi waliwauliza wanafunzi kuhusu magonjwa yao, wakiwemo waliougua kichocho au kukojoa damu. Majibu yalipolinganishwa na vipimo vya mkojo, yalitosha kuonyesha shule zipi zimeathirika zaidi. Neno la mtoto mwenyewe lilikuwa kipimo cha bei nafuu kuliko vyote. Mbinu hiyo ilitumika baadaye katika nchi nyingine za Afrika.

Mtoto anayetambuliwa mapema hutibiwa kwa vidonge vya prazikwanteli, ambavyo huua minyoo kabla kibofu hakijaharibika sana.

Kumbukumbu

Kichocho huitwa bilharzia katika lugha nyingi kwa heshima yake. Taasisi ya utafiti huko Giza, Misri, na kasoko moja ya Mwezi zina jina lake.