Mikhail Tsvet, Mwenye Kutenga Rangi

Ndugu tuliosoma hapa, nanyi mliomo madarasani: kila ninunuapo mawese sokoni Ujiji humkumbuka Mrusi huyu, kwani wekundu ule ni karotini. Alizaliwa Asti, Italia, mwaka 1872. Shahada yake ya udaktari kutoka Geneva haikutambuliwa Urusi, ikambidi aanze upya. Sisi watumishi wa Serikali twajua uchungu huo! Huko Warsaw alishindilia unga wa chaki katika bomba la kioo, akamimina rangi ya majani iliyoyeyushwa. Kila rangi ikashuka kwa mwendo wake, zikaachana tabaka tabaka. Mwaka 1906 akaiita kromatografia. Mabingwa wa kemia hawakuijali. Vita vikamfukuza Warsaw. Akafa Voronezh mwaka 1919. Mwaka 1931 Richard Kuhn na wenzake wakatenga karotini kwa njia hiyohiyo. Tsvet alikuwa kaburini miaka 12.