SAYYIDNA ABDURRAHMAN BIN AUF: ALIYEUTOA UKHALIFA MKONONI MWAKE

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake. Amma baad.

Katika darsa zetu za hapa Kariobangi liko swali moja ambalo hurudi kila uchaguzi unapokaribia. Vijana huuliza: Je, hapana njia ya kuwapata viongozi isipokuwa hii ya vyama, ambayo kila miaka mitano humgombanisha jirani na jirani yake? Swali hili si la upuuzi. Mtaa huu, ambao umegawanywa katika majimbo mawili ya uchaguzi, Embakasi Kaskazini na Embakasi Magharibi, unaijua gharama ya watu kupangwa makundi makundi. Mwezi wa Machi 2002 zaidi ya watu 20 waliuawa Kariobangi katika ugomvi wa makundi ya vijana wenye silaha. Na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi nzima ilipoteza zaidi ya roho 1,000. Watu wa mwambao wanaokaa huku bara waliyaona mambo hayo, na wenzao walioko Mombasa, Malindi na Lamu waliyasikia.

Wako wanaojibu upesi kwamba Uislamu una shura, na shura yatosha. Jibu hilo ni la kweli, kwani Qurani imetuamrisha kushauriana, na sura nzima, ya 42, imeitwa kwa jina hilo. Lakini neno hili limekuwa jepesi midomoni mwetu. Kila wanaume watatu wakikaa barazani wakagawana vyeo, huambiwa hiyo ni shura. Kwa hivyo tumeona ni wajibu tuandike khabari za Sahaba aliyeisimamia shura iliyo mashuhuri kuliko zote katika historia ya Umma wetu, ili tujue ilisimama juu ya nini.

KUZALIWA KWAKE NA KUSILIMU KWAKE

Sayyidna Abdurrahman bin Auf, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, alizaliwa Makka, kiasi cha miaka 10 baada ya Mwaka wa Ndovu. Ukoo wake ni Bani Zuhra katika Makureshi, nao ndio ukoo wa Bibi Amina, mama yake Mtume. Jina lake la kwanza lilikuwa Abdu Amr, na baadhi ya wapokezi husema Abdul Kaaba. Mtume (S.A.W.) alimbadilishia jina hilo akamwita Abdurrahman.

Alisilimu kwa kuongozwa na Sayyidna Abubakar, naye huhesabiwa katika watu 8 wa mwanzo. Makureshi walipozidi kuwaudhi Waislamu, alivuka bahari pamoja na wale waliokimbilia Uhabeshi, katika bara letu hili la Afrika. Kisha akarudi Makka, na baadaye akahama tena kwenda Madina. Basi aliyaacha makao yake mara mbili kwa ajili ya dini yake.

ALIVYOANZA BIASHARA

Alifika Madina hana kitu. Mtume akamfunga udugu na Saad bin Rabii, naye alikuwa tajiri katika Ansari. Saad akataka wagawane mali yake nusu kwa nusu. Abdurrahman akamwombea Mungu ambarikie mali yake, wala hakuipokea; alilotaka ni kuonyeshwa njia ya sokoni tu. Akenda soko la Bani Qaynuqaa, akaanza kuuza na kununua samli na jibini. Haukupita muda mrefu akaoa mwanamke wa Kiansari kwa mahari ya dhahabu yenye uzito wa kokwa ya tende, na Mtume akamwamrisha afanye karamu ya arusi japokuwa kwa kondoo mmoja.

Watu wa mwambao, ambao wazee wao waliishi kwa jahazi na duka, hawahitaji kufasiriwa tabia hii. Lakini na waitazame vizuri, kwani humo ndimo mna mwanzo wa khabari yetu yote. Mtu aliyeweza kuikataa nusu ya mali ya mwenziwe siku ambayo hakuwa na kitu, huyo ndiye aliyeweza baadaye kuuacha ufalme siku ulipokuwa karibu na mkono wake. Anayekula kwa jasho lake hana haja ya kuitafuta riziki yake katika cheo.

VITA VYAKE NA DARAJA YAKE

Alihudhuria vita vya Badr. Katika vita vya Uhud alipata majeraha zaidi ya 20, na moja katika hayo lilimfanya achechemee maisha yake yote. Mwaka wa 6 wa Hijra Mtume alimpa uongozi wa jeshi lililokwenda Dumatul Jandal. Katika safari ya Tabuk, mwaka wa 9, Mtume alichelewa kidogo wakati wa Alfajiri; watu wakamtanguliza Abdurrahman kuwasalisha. Mtume akaja akawakuta wamo ndani ya Sala, akasali nyuma yake, kisha akaikamilisha rakaa iliyompita. Naye ni mmoja katika wale 10 waliobashiriwa Pepo.

ELIMU YAKE KATIKA BARAZA LA SAYYIDNA UMAR

Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham, alifika mahali paitwapo Sargh, akapewa khabari kwamba tauni imeingia huko. Akawaita Muhajiri akawataka shauri, wakakhitalifiana. Akawaita Ansari, nao wakakhitalifiana. Akawaita wazee wa Kikureshi; hao wakaafikiana kwamba arudi na watu wake, naye akaazimia kurudi. Abu Ubayda, naye ni Sahaba mkubwa, akampinga mbele ya watu, na Umar akamjibu kwa hoja wala hakumfukuza. Abdurrahman hakuwapo, alikuwa amekwenda katika haja zake. Aliporudi akawaambia kwamba yeye ana elimu katika jambo hilo aliyoisikia kwa Mtume mwenyewe: kwamba nchi iliyoingia tauni haiingiwi, na aliyemo hatoki kwa kuikimbia. Umar akamshukuru Mungu, akarudi Madina.

Hapa pana funzo. Khalifa aliuliza makundi matatu, moja baada ya jingine, alivumilia kupingwa, na elimu ya mtu mmoja ilipodhihiri, hapana aliyeikataa kwa kuwa msemaji wake hakuwapo tangu mwanzo.

SHURA YA WATU SITA

Mwezi wa Mfungo Tatu, mwaka wa 23 wa Hijra (644), Sayyidna Umar alichomwa jambia na Abu Luluah hali anasalisha Alfajiri. Akamshika mkono Abdurrahman akamtanguliza, naye akaimaliza Sala kwa wepesi. Watu walipomtaka Umar amtaje khalifa, akaliweka jambo hilo kwa watu sita ambao Mtume alikufa hali yu radhi nao: Uthman, Ali, Talha, Zubeir, Saad bin Abi Waqqas na Abdurrahman. Mwanawe mwenyewe, Abdullah bin Umar, akamruhusu kuhudhuria, lakini akamnyima fungu lolote katika ukhalifa.

Alipokwisha kuzikwa, watu hao wakakusanyika. Abdurrahman akawataka walipunguze jambo lao liwe kwa watatu. Zubeir akampa Ali haki yake, Talha akampa Uthman, na Saad akampa Abdurrahman. Sasa ukhalifa ulikuwa baina ya watatu, na Abdurrahman ni mmoja wao. Ndipo akauliza ni nani atakayejitoa, ili apewe kazi ya kumchagua aliye bora katika waliobaki. Wenzake wawili wakanyamaza. Basi akajitoa yeye, na wote wakaridhika naye.

Tulizingatie jambo hili. Dola ya Kiislamu siku hizo ilikuwa imekwisha kuzifungua Misri, Sham na Iraki. Fungu la Saad lilikuwa lake. Angeweza kusema kuwa yeye ana watu, kama wasemavyo wagombea wetu. Aliacha vyote hivyo ili neno lake liaminiwe.

Kwa siku tatu na mikucha yake hakupata usingizi wa kutosha. Aliwaendea wakubwa na wadogo, mmoja mmoja na makundi. Ibn Kathir amepokea katika tarikhi yake kwamba aliwauliza hata wanawake walio nyuma ya mapazia yao, na watoto walio vyuoni, na wasafiri walioingia Madina. Usiku wa mwisho aliubisha mlango wa Miswar bin Makhrama, mwana wa dada yake, akamkuta amelala, akamwamsha. Akamtuma amwitie Zubeir na Saad, akashauriana nao. Kisha Ali, akanong'ona naye mpaka usiku ukawa mwingi. Kisha Uthman, akazungumza naye mpaka mwadhini akawatenga.

Baada ya Sala ya Alfajiri akawakusanya Muhajiri na Ansari na maamiri wa majeshi. Akaeleza mbele yao wote kwamba ametazama rai za watu, akaona hawamlinganishi mtu na Uthman. Akambai Uthman, na watu wakambai, na Sayyidna Ali pamoja nao. Shauri lilifanywa kwa siri nyumba kwa nyumba, lakini hukumu ilitolewa msikitini hadharani.

KUFA KWAKE

Sayyidna Abdurrahman aliishi baada ya hapo kiasi cha miaka 8 bila ya kuutaka ukhalifa. Alikufa Madina mwaka wa 32 wa Hijra, akazikwa Baqii. Aliacha mali nyingi sana, na aliusia katika mali hiyo fungu kwa kila aliyebakia katika watu wa Badr. Miaka mitatu baadaye, mwaka wa 35 (656), Sayyidna Uthman aliuawa nyumbani kwake na watu waliochagua panga badala ya shauri. Hatulifichi jambo hilo. Shura si hirizi. Humlinda kiongozi na raia maadamu watu wanaishika tu.

SISI NA SHURA

Mwambao wetu haukuwa mgeni wa njia hii. Lamu ya zamani, kabla ya kuingia chini ya Masayyid wa Omani katika karne ya 19, ilitawaliwa na baraza la wazee lililokaa Yumbe, na uongozi ukizunguka baina ya mafungu mawili, Zena na Suudi. Mombasa nayo ilikuwa na Thelatha Taifa na Tisa Taifa, kila fungu na tamimu wake. Hayo ni ya kujivunia. Lakini tuseme kweli: barazani mle walikaa waungwana tu. Mtumwa, mgeni na mwanamke hawakuulizwa, na Abdurrahman aliwauliza wasafiri na wanawake.

Wako pia wanaodhani kwamba vyama vikiondolewa, mapatano yatakuja yenyewe. Kenya ilikuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria tangu 1982 mpaka 1991, na mwaka 1988 watu walipigishwa kura kwa kupanga mlolongo, kila mtu aonekane yuko nyuma ya nani. Hiyo haikuwa shura. Kunyamaza kwa mwenye khofu si kuridhia.

Na hivi karibuni, huko Mandera, wazee wa Kigarre walikaa kabla ya uchaguzi wa 2013 wakaafikiana ni nani asimame katika cheo gani, na vyama vikawa kama vyombo vya kupandia tu. Nia ilikuwa njema, kwani watu walikuwa wamechoka na damu. Lakini koo nyingine zililalamika kuwa zimeachwa nje. Na mwaka 2017 wazee walipowataka waliomo madarakani wapishe wengine, gavana alikataa, akagombea, akarudi kwa kura. Ilidhihiri kwamba kugawana vyeo baina ya koo ni jambo moja, na kuushauri Umma ni jambo jingine.

Basi jibu letu kwa vijana wa Kariobangi ni hili. Sheria ya nchi ina vyama, na wala hatuwaambii watu waivunje wala wasipige kura. Lakini hapana sheria inayotuzuia kushauriana kabla ya kupiga kura, wala kuendesha misikiti yetu na madrasa zetu kwa shura. Na mlango wa shura ni ule alioufungua Abdurrahman: anayesimamia shauri asiwe na fungu ndani yake. Mwenyekiti wa kamati ya msikiti anayeitisha mkutano ili achaguliwe yeye mwenyewe tena, huyo hakufanya shura. Mzee anayepokea bahasha ya mgombea kisha akaita watu kushauriana, amewauza. Anayetaka kuusimamia mkutano na aanze kwa kusema mbele ya watu kwamba yeye hataki cheo. Kisha abishe milango, hata ya wapangaji na ya wajane. Kisha aje msikitini aseme hadharani alichokikuta.

Tukimkosa mtu wa namna hiyo katika mtaa mzima, basi maradhi yetu hayako katika vyama, yamo nyoyoni mwetu, na kazi ya kwanza ni kuyatibu hayo. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wanaosikiliza maneno wakafuata yaliyo mema yake. Amin.